Muhuri Uliopanguswa

Jumanne, tarehe nne Agosti. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo, na manyunyu yalilowesha ngazi za ofisi ya wakili, Inspekta alipozipanda.

Muhuri wa wakili ulikuwa umeibwa. Kisha mshonaji mmoja akaleta mkataba wake wa mkopo wa nyumba, ukiwa na muhuri huohuo, ilhali wakili hakuugonga.

"Kufuli halijavunjwa," Inspekta alisema. "Nani ana funguo?"

"Mimi na binti yangu. Ndiye karani wangu."

"Kampuni ya mikopo ilitaka nini?"

"Nithibitishe kuwa mama huyu ameelezwa kwamba riba itapanda. Hakuelezwa. Nami sigongi muhuri mpaka mkopaji anisimulie mkataba kwa maneno yake mwenyewe. Nikakataa."

"Afisa wao kaniambia, 'Mama, weka sahihi, mengine ya wasomi,'" alisema mshonaji, aliyeketi pembeni. "Miaka yote napima ndio nakata. La kwangu nikakata bila kupima. Sasa nyumba inaniponyoka."

Inspekta aliweka muhuri mezani, ukiwa umeviringishiwa kitambaa laini.

"Tumeukuta kwenye droo ya afisa huyo. Tumemkamata, ila hasemi kitu. Mzee, mwizi gani anapangusa wino hadi ndani ya herufi?"

Wakili alikitazama kile kitambaa. Akavuta kiti, akakaa.

"Nilimfundisha tangu mdogo," alisema polepole. "Ukimaliza, pangusa."

Binti alikuwa amesimama kando ya kabati.

"Baba, basi. Ni mimi. Nimewagongea kwa mkono wangu, nikaupangusa, afisa akang'ang'ania kubaki nao."

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Walisema wakili mkaidi hatapata mteja tena. Na dawa zake za moyo zilishaisha, ananificha. Kila usiku anakunywa maji matupu, anagongesha glasi ili nisikie, nijue amemeza. Ningefanyaje, Inspekta? Nilidhani ni karatasi moja tu."

Mshonaji alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Inspekta aliomba nguvu kimoyomoyo, kwa maana naye alikuwa na baba. Kisha akatoa pingu.

Wakili akainuka, akaushika mkono wa mwanawe.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wawili, nitatoa ushahidi mama huyu abaki na nyumba yake, hata kama ushahidi huo utamfunga mwanangu." Akamgeukia binti. "Na dawa nitameza, mama. Za kweli. Siku watakayokufungulia lango, utanikuta nimesimama nje."