Cheo Kilichonirudisha Vitengeni

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na ninaishi Barani, hapa Malindi. Jambo hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu. Leo nalitoa kwa ajili ya msomaji ambaye ameitwa na mkubwa wake, akaambiwa kuna nafasi mpya kazini, na moyo wake unaruka kwa furaha...

Hata wangu uliruka.

Nilikuwa mpokezi wa wageni katika ofisi ya kampuni moja ya kuchimba mawe na kokoto. Nilijibu simu, nikaandaa chai, nikatabasamu. Mume wangu alikuwa amekwenda zake, na watoto walikuwa wananitazama mimi. Nikajiapiza kwamba kila mlango utakaofunguka nitaingia. Nikaombwa nijifunze kompyuta, nikakubali. Aliyeshika stoo akaugua, nikaombwa nimshikie, nikakubali. Meneja wetu, nitamwita Bwana Festus, akawa ananitaja mikutanoni kuwa mfano kwa wenzangu. Nani asiyependa kusifiwa?

Siku moja akaniita, akanivutia kiti.

"Kadzo, kwenu si Vitengeni?"

"Ndiyo, bosi. Nimezaliwa huko."

"Na Kigiriama unakisema vizuri?"

"Ndiyo lugha ya mama yangu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akaniambia kampuni inafungua machimbo huko kwetu na inamtaka afisa wa kuzungumza na wananchi. Mshahara mnono, gari na dereva. Nilikubali hata hajamaliza kusema.

Wiki ile ile alikuja Mama Neema kuchukua vitu vyake. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ile katika machimbo ya zamani. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akasimama pale mezani kwangu.

"Mwanangu, umewauliza kwa nini mimi naondoka?"

"Sijauliza, mama."

"Waulize."

Akaenda zake. Nikajiambia huo ni wivu wa mtu aliyepitwa. Sikuuliza.

Mkutano wangu wa kwanza na wanakijiji ulifanyika katika kanisa la kijijini. Mama yangu alikaa safu ya mbele, amevaa leso mpya, anatazama huku na huku ili watu waone ni mwanawe anayezungumza. Nikasema yote niliyoambiwa niseme: shimo litazungushiwa ua tangu siku ya kwanza, king'ora kitalia kabla ya baruti kulipuliwa, na maji ya bomba yatafika kijijini.

Baba mdogo Karisa, nduguye marehemu baba yangu, akainuka.

"Hawa wageni mimi siwajui. Wewe nakujua. Maneno haya ni yao, au ni yako?"

Bwana Festus alikuwa ameketi nyuma yangu. Niliyahisi macho yake mgongoni.

"Ni yangu, baba mdogo."

"Basi yamekwisha," akasema, akaketi.

Wakakubali. Mama akapiga vigelegele. Ee Mungu... vile vigelegele mpaka leo navisikia.

Mwanzoni king'ora kililia. Baadaye kikanyamaza, baruti ikawa inalipuka watu wangali wanapika. Ukuta wa nyumba ya mama ukapasuka. Silanga, lile bwawa tulilokuwa tukiteka maji tangu utotoni, likageuka tope kwa udongo uliotoka machimboni. Bomba halikuja. Na ua? Shimo lilizidi kupanuka, wala hakukuwa na hata kigingi kimoja pembeni yake.

Nilikwenda kwa Bwana Festus, akanijibu, "Watulize. Ua unakuja." Nilipokwenda tena, akanipeleka Mombasa kwa mafunzo. Nilipozidi kumsumbua, akanipa ofisi kubwa na eneo la pili la kusimamia. Nikiingia kwake na malalamiko, natoka na cheo. Nami nikawa nakubali tu, nikidhani nikipanda juu zaidi nitapata sauti ya kuwasaidia watu wangu.

Mvua zikaja. Mdogo wangu Sidi, kitinda mimba wetu, akanipigia simu.

"Dada, lile shimo limejaa maji. Watu wameanza kuteka huko."

"Msiende, Sidi. Ngoja nizungumze na bosi."

"Tungoje mpaka lini? Silanga ni tope tupu."

Nilikwenda kuzungumza na bosi. Alikuwa na wageni. Akanionyesha kwa mkono kwamba nije kesho.

Kesho yake asubuhi aliyepiga ni baba mdogo. Hakunisalimu. Akasema, "Njoo nyumbani," akakata.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa shimo. Sidi alikuwa ameinama kuteka maji, kokoto zikaporomoka chini ya miguu yake, akaenda nazo. Vijana walimtoa kwa kamba, lakini roho ilikuwa imeshatoka. Mama alikuwa ameketi chini. Nikapiga magoti kando yake. Akaivuta leso yake, isiniguse.

Siku ya matanga Bwana Festus alikuja na magunia ya unga na sukari. Akaniita kando ya gari lake.

"Pole sana, Kadzo. Kampuni iko pamoja nawe." Kisha akashusha sauti. "Kuna nafasi Kilifi, naibu meneja. Mimi nimekutaja wewe. Ila kwanza tunataka mtu wa familia awaambie polisi kwamba palikuwa na alama za hatari, na marehemu akazipuuza."

"Alama zipi, bosi?"

"Zinawekwa jioni hii. Wewe watakuamini."

Alisema vile bila haya, kama mtu anayeagiza chai. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu mwanzo hakununua bidii yangu. Alinunua imani ya watu wangu, akaitumia mpaka ikaisha. Ndilo jibu ambalo Mama Neema alitaka niliulize mapema.

Nikamkatalia. Nikaenda kituoni na baba mdogo Karisa, nikaeleza kila kitu, pamoja na ahadi nilizozitamka kwa mdomo wangu. Kazi ikaisha siku hiyo. Ua ukajengwa baada ya mazishi. Kesi ingali inasukumwa huku na huku.

Sasa napokea wageni katika nyumba ndogo ya kulala wageni. Nikienda nyumbani mama hunipokea, hunitilia chakula, huwauliza wanangu habari za shule. Habari za kazini kwangu hajaniuliza tena.

Wasomaji wenzangu, siwaambii mkatae nafasi. Kukua ni haki ya kila mja. Lakini mkubwa wako akikuita kwa jina la kwenu na lugha ya mama yako, muulize anataka umbebee nini, na atakayelemewa na mzigo huo ni nani. Uulize mapema, nakusihi... uulize wakati watu wako wote wangali hai.