Mlango wa Chumba cha Kukaushia

Hemedi alikutwa kifudifudi ndani ya chumba cha kukaushia, kwenye karakana ya gundi kule Mtawanya. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Daktari alisema joto ndilo lililomuua. Mlango ulikuwa bati zito la kusogeza pembeni, limening'inia nje ya ukuta, halina kufuli wala komeo.

Inspekta Beatrice hakuupenda mlango ule tangu alipouona.

"Nani alimkuta?"

"Mimi," alisema Modesta, mwenye karakana. "Jana jioni, wageni walipoondoka."

"Mlango ulifungukaje?"

"Kawaida tu, afande."

Ukingoni mwa bati Beatrice alipapasa utando mweupe, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ilikuwa gundi yao: maganda ya kaa wa Msimbati na mashina ya muhogo, yaliyosagwa hadi kuwa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Hemedi ndiye aliyekuwa akileta maganda.

"Ipake tena," alimwambia Modesta. "Mnifungie."

Koplo Saidi alimtazama bosi wake, kisha akasogea mlangoni. Beatrice akaingia, tanuri likiwaka kama jana yake.

Joto likaikausha gundi. Alipousogeza mlango, haukwenda. Akakanyaga ukuta, akavuta kwa mikono miwili. Wapi. Jasho likamwingia machoni, pumzi zikawa fupi. Ndipo akaiona mikwaruzo ya Hemedi kwenye bati, yote imelalia upande uleule aliokuwa akivuta yeye. Woga ukamshika kwelikweli.

"Saidi, fungua. Fungua sasa hivi."

Saidi naye akavuta pembeni, bila mafanikio.

"Usivute, afande." Ilikuwa sauti ya Modesta. "Ukiwa humo ndani, sukuma nje. Kwa pembeni gundi hii inabeba hata gunia la korosho. Ukiibandua, inaachia."

Beatrice akasukuma kwa kiganja. Mlango ukabanduka.

Aliketi chini, akahema kwa muda.

"Hemedi naye aliita?"

Modesta akageukia ndoo ya gundi, akaifunika.

"Modesta, aliita?"

"Aliita."

"Ukamwambia asukume?"

"Kulikuwa na wageni. Walikuja kuona gundi yangu. Hemedi akasema atawaambia wazo la maganda ni lake. Na ni lake kweli. Kwenye majaribio sikuwahi kumruhusu awepo, ndiyo maana hakujua kwamba inabanduka kwa kusukumwa. Nikaupaka mlango gundi akiwa ndani anageuza maganda. Nikasema wakiondoka tu, namtoa. Wakakaa kula."

"Hawakumsikia?"

"Niliwasha mashine ya kusagia."

"Na wewe?"

Modesta alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta huu, nawapakulia wali. Nilimsikia mpaka alipoacha."