Kamba Iliyosimama Ghafla

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wasichana wa gredi ya saba waliruka kamba nyuma ya madarasa ya shule yao, pale Changamwe ambapo malori ya makontena hunguruma kutwa. Bingwa wao alikuwa Nafula. Aliruka mara mia bila kukwaa, na timu ya mashindano ya kaunti ilikuwa karibu kuchaguliwa.

Jumatatu moja, Nafula alipofika themanini na tatu, kamba ilisimama ghafla. Aliangukia goti la kulia. Kuinua macho, akamwona Mwanasaumu, rafiki na jirani yake, ameishika ncha ya kamba kwa mikono miwili, ameikaza.

"Umenitega!"

"Mwenzangu, hebu nisikize kwanza..."

"Nikusikize nini? Unataka nafasi yangu!"

Tangu siku hiyo shaka likaota mizizi. Mwanasaumu akicheka, Nafula aliona anachekwa yeye. Mwanasaumu akinyamaza, Nafula alisema moyoni: huyu ana lake. Mama Mwanasaumu alipotuma mafuta ya nazi ya kujipaka, Nafula aliyanusa, akayamwaga mtaroni. Hata mama zao, waliozoea kuombana chumvi juu ya ukuta, sasa walipitana kama wageni.

Wiki tatu zikapita. Goti lilizidi kuvimba. Baba yake, Phineas, aliyefanya kazi bandarini akiwaongoza waendesha kreni kwa ishara za mikono, alilitazama, akakunja uso.

"Kuanguka gani huku kusikopona? Twende hospitali."

Huko, Daktari Velma aliitazama picha ya mfupa kwa muda mrefu.

"Maumivu yalianza lini?"

"Siku ile niliyotegwa," Nafula akajibu.

Daktari alitazama tena picha, kisha akamtazama yeye. "Mfupa huu unaonyesha ulianza kubadilika kabla ya hapo."

Nafula alihisi masikio yakiwaka moto. Wiki tatu nzima alikuwa akimshuku mwenzake, na sasa macho ya shaka yalikuwa juu yake mwenyewe. Baba aligeuka polepole.

"Nafula?"

"Yalianza mwezi mmoja kabla, Baba. Usiku yalikuwa yananiamsha. Nilinyamaza nisiondolewe kwenye timu."

Baada ya vipimo vingi, daktari aliwaita tena. Ilikuwa saratani ya mfupa. Alipojua kazi ya Phineas, alivuta kiti karibu.

"Basi utanielewa haraka. Seli za mwili hutumiana ujumbe. Ujumbe ukifika kwenye utando wa seli, hupokewa, ukapitishwa mkono kwa mkono mpaka ndani kabisa: kua, gawanyika, simama. Seli ikiharibika, hujiamuru igawanyike ingawa hakuna aliyeituma. Ikiambiwa isimame, haisikii."

"Kama kreni inayozidi kupandisha, na mimi nimenyoosha mkono kuisimamisha," Phineas akasema kwa sauti ndogo.

"Hasa."

"Kwa hiyo kule kuanguka..." Nafula akaanza.

"Kuanguka hakuleti saratani. Kumetufanya tuione tu. Haijasambaa, nasi tutapigania mguu huu kwa dawa na upasuaji. Ungezidi kuficha, huenda leo ningekuwa nazungumzia kuukata."

Baada ya dawa za kwanza, nywele zikiwa zimenyonyoka, Nafula alijikongoja kwa magongo hadi mlangoni kwa jirani. Baba alimfuata nyuma.

"Hodi. Nimekuja kukuomba radhi," alimwambia Mwanasaumu. "Lakini niambie kweli. Uliisimamisha ile kamba?"

"Niliisimamisha. Makusudi."

"Kwa nini?" Nafula akauliza.

"Kila ukitua ulikuwa wauma mdomo," Mwanasaumu akasema, machozi yakimlenga. "Kwenye ngazi wachechemea. Nilikwambia upumzike, ukaniambia nina wivu. Sikudhani utaanguka, wallahi!"

Phineas alikohoa kidogo. "Bandarini tuna sheria. Ishara ya kupandisha naitoa mimi tu. Lakini ya kusimama, yeyote anaweza kuitoa, hata mama wa chai. Mwendesha kreni hutii kwanza, akauliza baadaye. Mwanangu, mwili wako ulikwambia simama, ukauziba mdomo. Mwenzako akakwambia simama, ukamwita adui. Ukiwa na maumivu, sema. Na ukizuiwa, uliza sababu kabla ya kumshuku mtu."

"Nimesikia, Baba."

"Abee, baba," Mwanasaumu naye akaitikia, ingawa hakuna aliyemwita. Wote watatu wakacheka.

Mwaka uliofuata, sehemu ya mfupa wa Nafula ilikuwa imebadilishwa kwa chuma, na vipimo havikuonyesha tena saratani. Hakuruka tena. Alizungusha kamba upande mmoja, Mwanasaumu upande wa pili, na macho ya Nafula hayakuwa miguuni pa waliokuwa wakiruka. Yalikuwa usoni mwao.

Asubuhi moja, msichana mdogo alipotua aliuma mdomo. Nafula aliilegeza kamba taratibu hadi ikalala mchangani.

"Simama kwanza, mdogo wangu," akasema. "Wapi panauma?"