Nenda na Hewa Yangu

Siku ya soko Kibwezi, duka la Kanini la kuweka movie kwenye flash hujaa watu mpaka mlangoni. Kavata alikuwa amebanwa kwenye foleni aliposikia sauti ya mwanamume nyuma yake.

“Kanini, usinidanganye. Mji wa Roboti ni ya juzi. Series yenye imelea generation yetu ni Meli Nane. Hizo zingine ni za kupitisha wakati.”

Kavata aligeuka. Kijana alikuwa amevaa ovaroli ya bluu iliyojaa vumbi magotini, na macho yake yalikuwa na utundu wa mtu anayependa ubishi. Kavata naye alikuwa ametoka kazini, duka la dawa, koti jeupe begani na sketi ya kitenge cha manjano iliyomkaa vizuri, na alijua hivyo.

“Afadhali nimepata mtu ako na akili,” alisema. “Wewe ni wa meli gani?”

“Ya tano.”

“Kwani kuna ingine?”

Wakacheka. Kanini, mwenye duka, aliwaomba wakapendane nje, wateja wapite.

Kijana aliitwa Nyamai, fundi wa sola aliyezaliwa Kitui mjini na kufanya kazi katika mji mdogo wa Kwa Vonza, na siku hiyo alikuwa Kibwezi kikazi. Mapenzi yaliota haraka. Walianza kuitana Kapteni kwenye simu, na kila walipokutana walirudi kwenye dunia ile iliyokauka na meli nane zilizotoka kwenda kutafuta maji angani. Mwaka haukwisha kabla ya wazee kukubaliana. Jumamosi fulani, watu wa Nyamai wangepeleka mbuzi za ntheo, mila ya Wakamba ya kufunga ndoa, kwa kina Kavata, Matiliku, na kuanzia siku hiyo angekuwa mke wake.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, Nyamai alipiga simu.

“Babe, nimepata kazi huko Mwingi mjini. Mwaka mzima. Nikikataa watapea mtu mwingine. Unasema aje?”

“Ngoja kidogo, mpenzi. Niko na mteja.”

Mteja alipoondoka, Kavata alitafuta maneno matamu kuliko yote aliyoyajua. Alichagua yale ambayo mke wa kapteni wa meli ya tano alimwambia mumewe mlangoni. Akaandika: Nenda na hewa yangu. Akaongeza moyo mwekundu. Alama mbili zikageuka bluu, na Nyamai hakujibu.

Kesho yake hakujibu vilevile. Jumatano simu yake haikupatikana kabisa. Kavata akawa anampa mteja dawa ya kikohozi mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Jioni mama yake alipiga kutoka Matiliku.

“Kavata, niambie ukweli. Nimeshaita akina mama wa kanisa wote. Hao watu wanakuja ama hawaji?”

“Wanakuja, mama.”

Alikata simu. Asubuhi akajikaza, akampigia Kaluki, dada yake Nyamai.

“Unatafuta nini tena?” Kaluki aliuliza. “Si ulimwacha na message? Hata mbuzi amerudisha.”

“Nilimwacha aje? Nilimwambia aende na hewa yangu.”

“Si ndio hiyo.”

Kavata hakuelewa, na kutoelewa huko kulimtia hofu kuliko matusi. Alienda moja kwa moja kwa Kanini.

“Niwekee Meli Nane. Si ya DJ. Ile yenyewe.”

Maishani mwake hakuwahi kuitazama bila DJ Ndata. Sauti ya DJ huyo, akitafsiri kwa Kiswahili, ndiyo iliyofunika sauti za waigizaji kwenye kibanda cha video cha Matiliku, watoto wakiwa wamebanana kwenye mabenchi na jenereta ikinguruma nje. Sasa alivaa headphones, akatazama. Mke wa kapteni alivua mtungi wake wa hewa, akamvisha mumewe, akasema yale maneno, akafunga mlango. Kavata akamngoja achukue mtungi wa pili amfuate mumewe, kama afanyavyo siku zote. Yule mwanamke aliketi sakafuni, akafumba macho.

“Anakufa?”

“Kwa ile yenyewe, anakufa,” alisema Kanini. “Ndata alikata hapo, akasema amechukua mtungi wa pili, akapachika scene ya mwanzo wakikumbatiana.”

Kavata hakurudi kazini. Alasiri alikuwa Kwa Vonza, akiuliza duka baada ya duka, mpaka akamwona Nyamai juu ya paa la mabati akifunga paneli. Alikuwa amekonda.

“Nyamai, shuka.”

“Ulisema niende, Kavata. Mwenye kutoa hewa anabaki kufa. Hiyo ni kwaheri.”

“Kwetu si kwaheri. Kwa DJ Ndata, anamfuata.”

“DJ? Sisi tulikuwa na DVD nyumbani, na subtitles.” Alishusha spana. “Basi huyo DJ aliwadanganya.”

“Ee, alitudanganya. Video ikiisha ilikuwa usiku, na sisi watoto tulikuwa tunatembea mpaka kwetu bila tochi. Angetuambia yule mama wa meli amekufa, tungefika aje?”

Nyamai alishuka ngazi polepole, akasimama mbele yake akijifuta mikono kwenye ovaroli.

“Nilidhani umechoka na mimi.”

“Na mimi nilidhani umenikimbia. Sijalala, Nyamai.”

Nyamai alimshika mkono, kisha akakumbuka jambo, akatoa simu haraka na kumpigia Mahad, mfanyabiashara wa mifugo aliyerudishiwa mbuzi.

“Mahad, zile mbuzi zangu umeuza?”

Kavata alisikia lori likiunguruma upande wa pili wa simu.

“Niuze nini,” Mahad alijibu mwishowe. “Ulikuja hapa ukilia. Nikajua utapiga. Ziko nyuma ya duka zinakula maboksi yangu. Njoo uchukue.”

Kavata alicheka, machozi yakamtoka.

“Na Mwingi?” Nyamai aliuliza. “Niambie tena. Lakini na maneno yako, si ya meli.”

Kavata alifikiri kidogo, maana sasa aliyaogopa maneno.

“Enda Mwingi, ufanye kazi. Halafu urudi kwangu. Hiyo haitaki subtitles.”

“Nitarudi,” alisema Nyamai, na wakaenda pamoja kuchukua mbuzi.