Mkono Usiouliza

Ubao wa huduma ulikuwa na mistari minne, ilhali wifi yake alimwambia kuna mitatu. Mshonaji aliihesabu mara mbili, kisha akajiambia kwamba wifi naye hesabu hazimo. Mtu gani hutumwa vifungo kumi akaleta tisa? Akacheka peke yake, mkono kiunoni.

Kiuno ndicho kilichomleta kwenye nyumba ile ya masaji. Ilikuwa miezi minane tangu apasuliwe, akazaa binti, na cherehani haijui uzazi. Wifi, dada wa mumewe, alimkuta siku moja amelala kifudifudi juu ya vitambaa vya wateja, mtoto amemkalia mgongoni kama dereva. Kesho yake alirudi na tiketi ya kukandwa, akampokonya mtoto.

"Nenda ukakandwe. Usirudi hapa kabla mtu hajakufinyanga upya."

"Atalia, wifi."

"Alie. Kwani mimi nilizaliwa nikicheka?"

Wema wa namna hiyo, unaokuja umevaa matusi, mshonaji aliujua na kuupenda.

Mistari mitatu ya juu ilikuwa ya mkandaji mzee aliyekaa kwenye benchi akipasha chupa ya mafuta ndani ya bakuli la maji moto. Wateja walimwita Bibi Maswali. Kabla hajamgusa mtu alimuuliza: Una presha? Umejifungua lini? Wapi pasiguswe? Hata akiwa kazini aliuliza tena: Hapa je? Niendelee? Wapo waliomkimbia kwa hilo. Mstari wa nne uliandikwa kwa chaki nyeupe kuliko mingine: HUDUMA YA KIMYA. HUULIZWI. HUSEMI.

Tangu alfajiri mshonaji alikuwa ameulizwa soksi ziko wapi, suruali itakuwa tayari lini, mbona mtoto ana vipele, mbona chumvi imezidi. Maneno yale mawili yalimwingia kama maji baridi.

"Umechagua ipi, mwanangu?" aliuliza mkandaji mzee.

"Ya kimya, bibi. Usinikasirikie. Nimechoka tu kujibu."

Mzee aliukazia ubao macho yake yenye ukungu. "Siioni, lakini siku hizi hata mlango siuoni vizuri. Sikiliza. Mkandaji asiyekuuliza mkimbie. Mkono usiouliza haujui pa kuacha. Njoo kwangu, nitauliza mawili tu."

"Siku nyingine, bibi. Naahidi."

Mzee hakununa. Alivua sweta lake na kumfunika mabegani. "Vyumba vya ndani vina baridi. Utanirudishia."

Mwanamke wa mapokezi hakuinua uso kutoka kwenye simu. "Namba nne? Ingia cha mwisho."

Chumba kilikuwa safi, ila kilinuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo siku tatu. Mshonaji alilala kifudifudi, akaingiza uso kwenye tundu la kitanda, akabaki anatazama sakafu. Hakusikia mlango. Alisikia mikono.

Ilikuwa mikono inayojua. Ilikwenda moja kwa moja pale palipouma, pale ambapo hata yeye hakuwahi kuweza kumwonyesha mtu, ikakaa hapo, ikalegeza. Machozi yake yakadondoka sakafuni. Hakuna aliyemuuliza analia nini, naye akashukuru.

Kisha akahesabu, kwa mazoea tu ya mtu anayehesabu vifungo. Miwili mabegani. Mmoja kiunoni. Mmoja umeshika kisigino chake, taratibu, kama mtu anavyoshika kisigino cha mtoto.

Akatazama sakafu kushoto, akatazama kulia, akageuza macho mpaka yakamuuma, na pale chini, ambapo ilipaswa kuwepo miguu ya mtu aliyesimama, hapakuwa na miguu, palikuwa na matone ya machozi yake tu yakikauka, na mikono ikaendelea, na alitaka kusema basi lakini ilikuwa imeandikwa husemi, na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutosumbua watu, mtu wa kunywa chai ya baridi akasema ni nzuri, basi akanyamaza, akauma meno, na ndipo mkono wa tano ukaja kwa chini, kupitia godoro alilolalia, ukafika kwenye kovu lake la uzazi na kuligonga mara tatu, polepole, kama mgeni anayebisha hodi.

Hakujibu. Na asiyejibu amekubali.

Alirudi nyumbani mgongo umenyooka. Wifi alimzunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Wamekutengeneza hawa." Mshonaji alitabasamu. Alishona siku nzima bila maumivu, na mtoto hakulia. Kesho yake pia hakulia. Siku ya tatu, mchana, jua likiwa limejaa chumba, harufu ya ndoo ikapita nyuma ya kiti chake.

Aligeuka. Binti yake alikuwa mkekani, kifua wazi, anacheka. Na nyama ya tumbo lake dogo ilikuwa inabonyea yenyewe, mashimo mawili ya vidole gumba, yakipanda, yakishuka, yakizunguka kitovu, kwa upole uleule.

Alimnyakua. Mtoto akalegea mikononi mwake kama unga uliozidi maji.

Baada ya wiki moja, binti aliyekuwa anakaa mwenyewe hakuweza tena kuinua shingo. Daktari alimpima, akasema damu ni nzuri na mifupa ni mizima, warudi baada ya mwezi. Wifi alihamia pale, akakaa na mtoto kifuani mchana kutwa, akayaona mashimo yale yakipita mgongoni kwa mtoto, chini ya viganja vyake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Mimi ndiye niliyekupeleka," alinong'ona.

"Ulinipeleka kwa mzee. Kuchagua nilichagua mwenyewe."

Akatoka kwenda kurudisha sweta.

Bibi Maswali alikuja siku hiyohiyo, anapapasa ukuta. Aliuliza mlangoni, "Naweza kuingia?" Aliuliza mkekani, "Naweza kumgusa?" Kisha akamgusa mtoto, akaondoa mkono haraka.

"Ni jini la kazi yetu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilisimuliwa na aliyenifundisha, nikadhani ni vitisho vya wanafunzi. Halina chuki. Linapenda kukanda, na haliulizi. Litamkanda mpaka awe udongo."

"Lifukuze, bibi."

"Sikulikaribisha mimi. Mdomo ulionyamaza ndio utakaosema basi." Akalitupia sweta lake begani. "Lakini likiondoka litaondoka na kazi yake. Maumivu yako yatarudi, na yakirudi hayarudi peke yake."

Mshonaji alipiga magoti. Mashimo yalikuwa yamefika kwenye koo la mtoto.

"Samahani," alianza.

"Siyo hilo," alisema mzee.

"Naomba, tafadhali, kama hutajali..."

"Usiombe, mwanangu. Sema."

Wifi alikuwa amempakata mtoto mkekani, harufu ya ndoo imejaa chumba mpaka macho yanawasha, mtoto anacheka kicheko kisicho na sauti, na mshonaji akahisi mabegani mwake ile mikono miwili ya kwanza ikitua, ya joto, inayojua, ikimwambia kwa vidole kwamba hakuna aliyewahi kumtunza hivi, na ilikuwa kweli, hiyo ndiyo iliyomuuma, ilikuwa karibu kweli, mpaka alipoliona sweta kuukuu begani kwa yule mzee na mikono ya wifi iliyokufa ganzi kwa kumbeba mtoto asiye wake.

"Basi," alisema.

Kiuno chake kikakatika kama uzi. Alianguka ubavu, na huko chini alikoangukia akasikia mtoto analia, kilio kikali, cha hasira, na wifi naye analia kuliko mtoto.

Hakunyooka tena. Sasa anashona amekaa upande, mto nyuma, na akitembea watu humpisha wakidhani ni mzee. Pale nyumba ya masaji mwanamke wa mapokezi aliapa kwamba hajawahi kumtajia mtu namba nne, ubao haujawahi kuzidi mistari mitatu, na chumba cha mwisho ni stoo ya ndoo.

Binti anakaa, anatambaa, ana nguvu. Mama yake hamnyanyui bila kumuuliza, kama alivyofundishwa.

"Nikubebe, mama?"

Mtoto huelewa. Huinua mikono. Lakini kabla ya kuinua, kila mara, hutazama kwanza nyuma ya bega la mama yake, juu kidogo, na kungoja, kama anayemngoja mwingine aseme ndiyo.