Umeme Uliopanda Nguzo

Nyumba ya Saleh na mkewe Zeyana iko Zinga, mwisho wa njia ya mchanga inayotoka barabara kuu ya Bagamoyo. Mbele ni duka lao dogo. Nyuma ni nguzo yenye transfoma. Transfoma hiyo inahudumia nyumba tatu tu. Ya kwanza ni ya Saleh. Ya pili ni ya jirani yao, Bi Mwanamvua. Ya tatu imefungwa, maana wenyewe wamehamia Lugoba.

Saleh na Zeyana wanauza barafu na juisi ya ukwaju. Mwezi wa Ramadhani hawapumziki. Kuanzia alasiri watu wanajaa mlangoni, kila mtu anataka lake, na friza zinanguruma kutwa kucha.

Saleh ni mtu mkarimu. Nalisema hili mapema, kwa sababu baadaye mtamkasirikia, kama nilivyomkasirikia mimi. Kila magharibi, kabla yeye mwenyewe hajagusa tende, bakuli hutoka kwake kwenda kwa Bi Mwanamvua. Leo tambi, kesho mihogo ya nazi. Bi Mwanamvua ni mjane. Anaishi na mwanawe Mtoro, ambaye ni fundi wa laini za umeme. Mtoro hupanda nguzo. Mama yake hajaizoea kazi hiyo hata leo. Kila asubuhi humsindikiza mpaka mlangoni, akamwombea dua, kisha akabaki amesimama mpaka kijana apotee njiani.

Siku moja ya Ramadhani upepo wa masika ulivuma kwa nguvu. Tawi kubwa la mkorosho lilianguka juu ya waya wa umeme, karibu na barabara kuu. Waya ulikatika. Umeme ukazimika mpaka kwa Saleh.

"Barafu yangu!" Zeyana alipiga kelele. "Saleh, barafu itayeyuka!"

"Punguza presha, mke wangu. Jenereta ipo."

Saleh aliitoa jenereta uani. Kisha akatoa waya alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Waya ule ulikuwa na plagi huku na plagi huku. Plagi moja aliichomeka kwenye jenereta. Ya pili aliichomeka kwenye soketi ya ukutani. Alijivunia sana waya huo. Kwa waya huo mmoja nyumba nzima ilikuwa inawaka.

"Swichi kubwa umeizima?" Zeyana aliuliza. "Fundi aliyetufungia umeme alisema tuizime kwanza."

"Nikiizima, Bi Mwanamvua atapata wapi umeme?"

Hapo ndipo penyewe. Mwaka uliopita Saleh aliisahau swichi hiyo. Akaona ajabu: umeme wa jenereta yake ulitoka nje kwa nyaya zilezile, ukaingia kwa jirani. Taa ya Bi Mwanamvua ikawaka. Bibi wa watu akaja kushukuru mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo Saleh hakuizima tena swichi kubwa.

"Jirani yangu afuturu gizani, mimi nina taa?" alisema Saleh. "Futari tunampelekea. Na umeme tunampelekea."

Zeyana alirudi kwenye friza zake. Nani anakataza sadaka mwezi kama ule? Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza umeme ule unakwenda wapi kwingine.

Jenereta ilinguruma. Ng'ambo ya ua, taa ya Bi Mwanamvua iliwaka.

"Mungu akulipe, mwanangu!" alisema kwa sauti kutoka jikoni kwake.

"Amin, Bi Mwanamvua!"

Baada ya muda petroli iliisha. Jenereta ikakohoa, ikazima. Saleh alikwenda stoo kuchukua petroli nyingine.

Wakati huohuo mafundi wa umeme walikuwa wamefika kwenye waya uliokatika. Kiongozi wao alikuwa mwanamke anayeitwa Sihaba. Ana sauti kubwa na hacheki kazini. Kwanza aliwafukuza watu waliokuwa wamesimama karibu na waya. Mtu mmoja alibisha kwamba umeme umekatika, hauna neno. Sihaba alimtazama mpaka mtu yule akaondoka mwenyewe. Kisha alipiga simu kwa waongozaji wa mitambo, wale wanaowasha na kuzima njia za umeme.

"Njia ya Zinga imezimwa?"

"Imezimwa. Swichi imefungwa kwa kufuli. Hatuwashi mpaka wewe mwenyewe useme."

Mtoro alivaa glavu, akafunga mkanda, akapanda nguzo. Aliinua kifaa cha kupimia. Kifaa kilikaa kimya.

"Hauna kitu!" alisema.

"Haya, funga waya wa ardhini," Sihaba alijibu.

Waya wa ardhini ni ulinzi wa fundi. Ukishafungwa, umeme wowote utakaokuja unapelekwa udongoni. Mtoro alichukua fimbo ndefu ya kufungia. Aliinua mkono, fimbo ikakaribia waya.

Nyumbani, Saleh alimaliza kumimina petroli. Alivuta kamba ya jenereta.

Kule karibu na barabara kuu ulisikika mlipuko. Cheche za buluu ziliruka juu ya nguzo. Mtoro alirushwa nyuma, akabaki ananing'inia kwa mkanda wake, kichwa kimelala begani.

Uani kwa Saleh jenereta ilizima ghafla. Taa ya Bi Mwanamvua ilizimika nayo. Zeyana alisema labda petroli ina maji.

Kabla Saleh hajaivuta kamba tena, Bi Mwanamvua alitoka mbio, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Simu ilikuwa mkononi.

"Mtoro wangu! Mtoro wangu amepigwa na umeme!"

Saleh na Zeyana walimshika, wakakimbia naye mpaka barabarani. Mafundi walikuwa wamemteremsha Mtoro. Alikuwa amelala chini, macho wazi, mwili wote unatetemeka. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua. Alikuwa hai. Bi Mwanamvua alipiga magoti, akaushika uso wa mwanawe, akashindwa hata kulia. Gari likawachukua wote wawili kwenda hospitali Bagamoyo.

Sihaba alibaki.

"Waya huu tumeupima haukuwa na kitu," alisema. "Kule unakotoka umezimwa. Basi umeme umetoka huku kwenye nyumba. Nani ana jenereta njia hii?"

Watu walitazamana. Saleh alijibu polepole.

"Ninayo mimi. Lakini iko nyumbani, mbali na hapa. Haiwezi kuwa ile."

"Nipeleke."

Sihaba aliingia uani. Aliuona waya wa plagi mbili. Aliufuata kwa macho mpaka kwenye soketi. Akaiangalia swichi kubwa: ilikuwa imewashwa. Aliketi juu ya kreti tupu la soda, akafunika uso kwa viganja.

"Dada," Saleh alisema, "jenereta yangu ndogo. Inawasha taa na friza tu. Itampigaje mtu juu ya nguzo?"

Sihaba aliinua kichwa. Alikuwa na hasira, lakini alijitahidi kueleza.

"Umeme unautoa wapi siku zote?"

"Kwenye nguzo."

"Na nguzo inautoa wapi?"

Saleh hakujua. Wengi wetu hatujui. Tunabonyeza swichi, taa inawaka, basi.

"Umeme unazalishwa mbali," Sihaba alisema. "Kuna mitambo ya maji, kwenye mabwawa. Kuna mitambo ya gesi. Yote imeungwa pamoja kwa nyaya kubwa, zile za minara mirefu. Mtandao huo wote ndio gridi. Umeme unasafiri humo ukiwa na nguvu kubwa sana, ili usipotee njiani. Ukifika kwetu unaingia kituo cha kupoza umeme. Pale nguvu inapunguzwa. Unatoka kwa njia ndogo, kama hii ya Zinga. Mwisho unafika kwenye transfoma hii nyuma ya nyumba yako. Hapa nguvu inapunguzwa tena, ndipo unaingia kwenye friza."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa bado. Transfoma haina akili. Ukiipa umeme kutoka kule, inaupunguza. Ukiipa kutoka huku, inauongeza. Umeme wako mdogo ulipita swichi kubwa, ukaingia transfoma kinyumenyume, ukatoka juu ukiwa na maelfu ya volti. Ukasafiri kwenye waya mpaka kwa Mtoro."

Zeyana alishika ukuta.

"Lakini ninyi mlisema umezimwa," Zeyana alinong'ona.

"Umeme wa gridi tuliuzima. Kuna watu wanakaa usiku na mchana wakiitazama gridi. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, wakati wote. Watu wakiwasha vitu vingi jioni, wanaongeza mitambo. Wakipunguza matumizi, wanapunguza. Njia ikiharibika wanaikata ile tu, ili nyingine ziendelee. Hata mtambo mkubwa wa bwawani hauingii kwenye gridi bila wao kukubali. Kila swichi wanaijua. Nikitaka kupandisha mtu nguzoni, nawauliza wao." Alionyesha jenereta kwa kidole. "Hii hawaijui. Wewe uliingia kwenye gridi kimyakimya, Saleh. Na kama Mtoro angekuwa ameshika waya kwa mkono badala ya fimbo, tungekuwa tunachimba kaburi."

"Nilitaka jirani apate taa," Saleh alisema. Sasa alikuwa analia. "Bi Mwanamvua. Nilimwashia yeye."

"Bi Mwanamvua yupi?"

"Mama yake Mtoro."

Sihaba alisimama, akachomoa waya ukutani, akauweka mbele ya Saleh. Saleh alichukua kisu cha dukani akaukata vipande.

Jioni ile barafu yote iliyeyuka. Maji yalitiririka mpaka uani, na hakuna aliyejali. Zeyana alimwambia mumewe, "Kesho utakwenda hospitali. Usiseme bahati mbaya. Sema ulichofanya."

Asubuhi Saleh alisimama kando ya kitanda cha Mtoro. Mkono wa Mtoro ulikuwa umefungwa bandeji mpaka begani. Bi Mwanamvua alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakulala usiku kucha.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mwenzio? Mungu akuweke."

Dua ile ilimchoma Saleh kuliko tusi. Alimweleza yote. Alimweleza swichi, transfoma na waya wa plagi mbili. Bi Mwanamvua alisikiliza bila kupepesa.

"Ile taa yangu?" aliuliza. "Ile niliyokushukuru?"

"Ndiyo, mama."

"Umeme ulioiwasha ndio uliompiga mwanangu?"

"Ndiyo. Ndio huohuo."

Bi Mwanamvua alijifunika ushungi usoni. Mtoro alijaribu kuinuka.

"Mama, hakujua."

"Najua hakujua," alisema ndani ya ushungi. "Hata mimi sikujua. Tumekaa pale sote wawili, hatujui, tunaombeana dua. Ndiyo maana naogopa."

Kisha alimwambia Saleh aende zake. Hakumtukana. Lakini bakuli la futari alilopelekewa hospitali siku ile lilirudi likiwa limefunikwa vilevile, na Saleh alijua kwa nini.

Baada ya Idi, Saleh alimwita fundi mwenye leseni. Fundi alifunga swichi ya kubadilishia. Swichi hiyo ina pande mbili. Ukiigeuza huku, nyumba inapata umeme wa gridi. Ukiigeuza kule, inapata wa jenereta, na njia ya kwenda nje inakatika kabisa. Haiwezekani kuwasha vyote viwili, hata ukisahau. Sihaba alikuja kuikagua, akaigeuza mara nyingi kama mtu asiyeamini, mwishowe akatikisa kichwa kukubali. Saleh naye alizunguka kwa kila mwenye jenereta, kuanzia Zinga mpaka Mbegani. Wengine walimcheka. Katika nyumba kadhaa alikuta waya wa plagi mbili, kama wake. Aliwasimulia habari za Mtoro, nao wakaacha kucheka.

Mkono wa Mtoro ulipona taratibu. Ukabaki na kovu. Akarudi kazini, na mama yake akarudi kusimama mlangoni. Siku moja alipika mandazi, akampelekea Zeyana. Wakaendelea hivyo.

Ramadhani iliyofuata upepo uliangusha tena tawi. Umeme ulikatika kabla ya magharibi. Saleh aligeuza swichi, akawasha jenereta. Nyumba yake ikawaka. Ya Bi Mwanamvua ikabaki giza.

Zeyana alichukua taa ya betri na bakuli la tambi, akaenda. Alimkuta Bi Mwanamvua ameketi peke yake mlangoni, anatazama upande wa barabara kuu.

"Njoo ufuturu kwetu, Bi Mwanamvua. Kwetu kuna mwanga."

"Asante, mwanangu. Niache hapahapa."

"Basi chukua taa hii."

"Weka pembeni, usiiwashe." Bi Mwanamvua alinyoosha mkono akamshika Zeyana, akamketisha karibu. "Mtoro yuko juu ya nguzo saa hii. Huku kukiwa giza, moyo wangu unatulia."

Zeyana aliketi. Adhana ililia. Walikula tende gizani, bega kwa bega. Umeme uliporudi na taa ya ndani kuwaka, Bi Mwanamvua hakugeuka kuitazama. Alikuwa ameikumbatia simu. Ikalia.

"Mama," Mtoro alisema, "nimeshuka."