Super au Kawaida

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Emelyne alifagia uwanja wao pale Makanyagio, mjini Mpanda, akachota maji, kisha akampikia baba yake uji. Mama yake, Séverine, alikuwa Mishamo mwezi wa pili sasa, akimuuguza bibi, na binti huyu wa darasa la sita alikuwa amemkumbuka hadi chakula hakipiti kooni. Uji wenyewe, tuseme kweli, ulikuwa na madonge. Baba yake, Thadei, aliunywa bila kulalamika, maana naye alikuwa na hamu ileile.

Ijumaa barua ikafika. Bibi amepona, aliandika mama, mje mnichukue Jumamosi. Nitakaa barabarani na mzigo wangu tangu asubuhi.

Kulipokucha, Thadei alikuwa akikaza nati za magurudumu ya pikapu yake kuukuu. Alimfungia binti yake dumu kwenye baiskeli, akamtuma kituo cha mafuta.

"Chukua petroli lita ishirini, kama kawaida," alimwambia.

Emelyne hakuwahi kutumwa petroli. Muuzaji alipomuuliza anataka super au kawaida, alisita, kwa kuwa hakujua kuwa petroli ina aina mbili. Kurudi nyumbani kuuliza kulikuwa mwendo wa robo saa, na siku ile robo saa aliiona kama mwaka. Si baba kasema kawaida? Akajibu kawaida, akajaziwa dumu, akasukuma baiskeli mbio.

Thadei akaimimina tangini, wakaondoka. Walipita Kawajense, pembezoni mwa mji, wakiwa na furaha tele. Kwenye mlima wa kwanza injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango kwa hasira. Thadei akipunguza mwendo, inatulia; akikanyaga mafuta, inagonga tena. Alisimamisha gari, akafunua boneti, akatazama mpaka akachoka. Alihofu injini inakufa. Akasema watageuza, fundi aifungue Jumatatu, na mama atavumilia wiki moja zaidi.

Wiki moja zaidi. Emelyne alimwona mama yake akilini, amekaa juu ya mzigo, akitazama kila vumbi linalotoka Mpanda. Machozi yakamlengalenga. Hapo swali la muuzaji likamrudia. Akinyamaza, lawama itakuwa ya gari, na gari halina mdomo. Akisema, itajulikana kuwa ni yeye aliyemkwamisha mama.

"Baba," alisema, "muuzaji aliniuliza super au kawaida. Sikujua tofauti yake. Niliona nikirudi kukuuliza tutachelewa, nikasema kawaida."

Thadei alijishika kichwa.

"Mimi nilisema kama kawaida, mwanangu, yaani kama siku zote. Na siku zote tunatia super."

Akamweleza kwamba injini yao hukandamiza petroli kwa nguvu sana kabla ya kuiwasha. Super huvumilia. Ya kawaida huwaka kabla ya wakati wake, ndipo injini inagonga, na ukiilazimisha safari ndefu itaharibika kweli. Gari la jirani yao Osward, lenye injini isiyokandamiza sana, limetumia ya kawaida miaka yote bila shida. Kila injini na mafuta yake.

Walirudi mjini taratibu. Petroli ile waliitoa tangini wakampa Osward, wakajaza super. Mlima uleule pikapu iliupanda bila ubishi.

Walifika Mishamo jua likizama. Séverine alikuwa bado barabarani, peke yake. Emelyne alimrukia, akalia kifuani pake, na kabla hajaulizwa akaeleza kilichowachelewesha.

"Kuuliza kungekula robo saa, mwanangu," Séverine alimwambia akimfuta machozi. "Kukisia kumekula siku nzima, na kulikaribia kula wiki. Ukitumwa jambo usilolielewa, uliza, hasa ukiwa na haraka. Lakini ulipokosea umesema kweli, ndiyo maana leo nimekushika."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Na wewe, baba Emelyne, siku nyingine utamke super."